Aliyekodi Basi Ndiye Mwenye Safari



Masika yakiisha, na njia za Chamazi zikaanza kutoa vumbi badala ya matope, ndipo vyama vyetu vyote huanza kusema habari za safari. Kwaya yataka kwenda kuimba Morogoro. Akina mama wataka kwenda kusali Bagamoyo. Watoto wa shule wataka kuona tembo Mikumi. Na jamaa za marehemu, ambao safari yao haingoji kiangazi, wataka kumpeleka mzee wao akazikwe kwao. Daftari hufunguliwa, michango hupitishwa, kamati huchaguliwa. Mambo haya ni mema, wala hatuyakatazi.

Walakini liko neno moja katika safari hizi ambalo limetuchoma moyo siku nyingi, na leo tumekata shauri kulisema wazi, hata kama wengine watanuna. Twakodi mabasi kama watu wasio na macho, na tukipatwa na mabaya twawalaumu watu wote isipokuwa nafsi zetu. Mwenye basi, dereva, askari wa barabarani, hata Shetani, wote huitwa shaurini. Kamati iliyokodi haiitwi. Sisi twasema ya kuwa aliyekodi basi ndiye mwenye safari, naye ndiye apasaye kuulizwa kwanza.

Tuanze na kosa letu wenyewe, kwa maana haifai kumwonyesha mwenzio kibanzi na hali jicho lako lina boriti.

Miaka michache iliyopita sisi waalimu tuliwachukua watoto wa shule ya Jumapili kwenda Bagamoyo. Tulimpata dalali mmoja huko Mbagala Rangi Tatu, mtu mwenye maneno laini, akatuahidi basi kubwa na jema kwa bei iliyokuwa chini kuliko za wengine wote. Tukafurahi, tukampelekea arabuni kwa simu. Hatukuandikiana mkataba, hatukupewa stakabadhi, wala hatukuuliza basi ni la nani. Siku ya safari watoto walikuwa wamekwisha kusimama mbele ya kanisa saa kumi na mbili asubuhi, wamevaa nguo zao njema. Basi lilikuja saa tatu. Nalo halikuwa lile kubwa tuliloahidiwa, bali ni dogo lenye viti 29; na sisi tulikuwa 48, wadogo kwa wakubwa. Tairi moja la nyuma lilikuwa limekwisha meno kabisa, laini kama kipara. Dereva macho yake yalikuwa mekundu. Alituambia mwenyewe ya kuwa ametoka kurudisha watu wa harusi alfajiri ile.

Je, tulifanyaje? Hapa ndipo ilipo aibu yetu. Mmoja wetu alisema, “Watoto wamekwisha kuvaa.” Mwingine alisema, “Fedha zimekwisha kulipwa.” Wa tatu alisema, “Tuombe Mungu, twende.” Tukaomba. Tukawapanga watoto watatu katika kiti cha wawili, na wengine tukawakalisha juu ya ndoo katika njia ya katikati, tukaenda. Twalifika salama. Lakini jioni, katika kurudi, tulipokuwa karibu na Mapinga, tairi lile lilipasuka. Basi liliacha barabara, likaingia katika shamba la mihogo, likasimama kwa kuinama ubavu. Hakuna aliyekufa. Msichana mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo, alivunjika mkono.

Tulimshukuru Mungu kwa wimbo, na dereva tukamlaani. Lakini usiku ule mama wa mtoto yule alituuliza neno moja tu: “Waalimu wangu, mliliona gari kabla ya kuwapakia?” Hatukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu tuliliona.

Baadaye watu wengi walikuja kutufariji, wakasema, “Ajali haina kinga.” Methali hiyo twaijua sana. Lakini twauliza: tairi lisilo na meno, dereva asiyelala, na watu 48 katika viti 29, je, hayo nayo ni ajali? Ajali ni mti uangukao njiani kwa ghafula. Jambo letu sisi tulilipanga, tukalilipia, tukalifungua kwa sala. Kuliita ajali ni kumsingizia Mungu.

Wala si sisi peke yetu tuliojaribu mambo ya namna hii, na wengine walilipa zaidi ya mkono wa mtoto mmoja. Nchi yote yakumbuka tarehe 6 Mei 2017. Asubuhi ile basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa Karatu. Huko Rhotia lilianguka katika bonde la mto. Wanafunzi 32, waalimu wawili na dereva walikufa. Watoto watatu tu ndio waliopona, nao wakapelekwa Marekani kutibiwa. Mwenye shule alifikishwa mahakamani, na katika mashtaka lilikuwamo la kupakia watu kupita kiasi. Fikirini, ndugu: haikuwa safari ya anasa. Ilikuwa safari ya mtihani, yenye nia njema kabisa. Nia njema haizuii gari kuteleza.

Tena tarehe 4 Desemba 2021, katika nchi ya Kenya, kwaya ya Wakatoliki wa Mwingi ilipanda basi la seminari kwenda arusini. Walipofika mto Enziu maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Dereva akaingia majini, na basi likachukuliwa na mto mbele ya watu waliosimama ukingoni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hao walikuwa waimbaji, watu wa kanisa kama sisi, na basi lao lilikuwa la watumishi wa Mungu. Kama jina takatifu lililoandikwa ubavuni mwa gari lingekuwa ngao, wangevuka.

Na usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magila Gereza katika wilaya ya Korogwe, basi dogo lililokuwa likitoka Dar es Salaam na jeneza pamoja na wafiwa kwenda Kilimanjaro liligongana na lori. Watu 17 walikufa usiku ule, na hesabu ikazidi baadaye. Hapa yatupasa kusema kwa haki: hatuwalaumu wafiwa wale, kwa maana kosa lilisemwa kuwa ni la lori, lililotaka kulipita gari jingine. Twawataja kwa sababu moja tu, ya kwamba usiku hata asiye na kosa hupungukiwa na nafasi ya kujiokoa. Kweli, katika mwaka 2023 Serikali iliyaruhusu mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo la miaka mingi; lakini ruhusa si amri. Mwenye kuweza kuondoka alfajiri, kwa nini aondoke magharibi?

Sasa tuwajibu wale wanaotupinga, maana twazijua hoja zao, na zote tumepata kuzisema kwa vinywa vyetu.

Wa kwanza husema, “Sisi ni maskini; basi jema ni ghali.” Haya, tufanye hesabu pamoja kama tufanyavyo darasani. Tuseme basi la viti 30 lakodiwa kwa shilingi 450,000. Wakipanda watu 30, kila mmoja hutoa 15,000. Wakishindiliwa watu 45, kila mmoja hutoa 10,000. Basi faida yote ya kushindiliana ni shilingi 5,000 kwa kichwa. Hiyo ndiyo bei tuliyomwekea mtoto wetu. Kuku hauzwi kwa fedha hizo hapa Chamazi! Kama hamna 15,000, ngojeni miezi miwili, mchange kidogo kidogo. Au wapelekeni watu 30 mwaka huu na waliobaki mwakani. Au nendeni mahali pa karibu. Hakuna andiko lisemalo ya kuwa kwaya isiyofika Morogoro mwaka huu haitaingia mbinguni. Rahisi ni ghali, wazee walisema, nao hawakuwa wajinga.

Wa pili husema, “Sisi si mafundi, hatujui mambo ya magari.” Neno hili ni uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Ninyi mkienda kununua mbuzi, hamumfungui kinywa mkatazama meno? Hamumpapasi mgongo? Nanyi si matabibu wa mifugo. Kuhesabu viti hakutaki fundi. Kutazama kama tairi lina meno hakutaki fundi. Tena ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zilizopigwa chapa: mbili za kwanza ni juma la mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuwasomea.

Wa tatu husema, “Hiyo ni kazi ya askari wa barabarani na ya LATRA.” Ni kweli, kazi hiyo ni yao. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ndiyo LATRA, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2019, nayo hutoa leseni kwa magari ya abiria, na kibali kwa gari litakalo kuacha njia yake ya kila siku liende safari ya kukodiwa. Lakini askari ayaona magari mengi kwa siku moja, nanyi mwaliona moja. Yeye hana mtoto ndani yake, nanyi mnaye. Tena tuseme kweli yote: mara ngapi sisi wenyewe, tukikaribia mahali pa ukaguzi, tumewaambia waliosimama, “Inameni!” nao wakainama? Na katika gari hilo hilo tulikuwa tukiimba nyimbo za Bwana. Tumewafundisha watoto wetu kumdanganya askari aliyesimama juani kwa ajili ya maisha yao.

Wa nne ni yule asiyesema neno, nasi tutamsemea. Huyu ni mjumbe wa kamati apewaye na dalali kile waitacho “cha juu”. Wenzake wakitaka basi la mtu mwingine, yeye hulikosoa; wakiuliza habari za mkataba, yeye husema, “Niachieni mimi, huyu ni mtu wangu.” Ndugu, fedha hizo zatoka katika breki na katika usingizi wa dereva. Mwenye basi akipunjwa na dalali, na dalali akigawana na mjumbe, patakaposalia fedha za kununua tairi ni wapi? Yuda alihesabiwa vipande vyake waziwazi. Wewe wahesabiwa vyako kwa simu, gizani.

Wa tano ndiye tumwogopaye kuliko wote, kwa kuwa asema kwa jina la imani. Husema, “Mungu atatulinda.” Sisi nasi twaamini ya kuwa Mungu hulinda. Lakini Bwana wetu mwenyewe, alipochukuliwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa, akasema haifai kumjaribu Mungu. Tena Torati yamwagiza mtu ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kandokando ya dari yake, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni: Torati haikumwambia aombe ili watu wasianguke. Ilimwambia ajenge ukuta. Sala ni yetu, na ukuta pia ni wetu. Anayesali bila kujenga amempa Mungu kazi aliyopewa yeye.

Yafaa tena tuwakumbuke wazee waliotutangulia, kwa kuwa wengi wetu huenda Bagamoyo bila kufikiri jinsi watu wa zamani walivyofika huko. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu katika mwaka 1868. Mwezi wa Februari mwaka 1874 walifika hapo watu waliouchukua mwili wa Daktari Livingstone, aliyekufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Wakuu wao walikuwa Chuma na Susi. Walikwenda kwa miguu zaidi ya maili elfu, kwa muda wa miezi mingi, katika njaa na maradhi, na kazi yao wakaitimiza.

Je, watu wa misafara ile walikwenda ovyo? Hapana. Hatusemi zamani zile zilikuwa njema, kwa maana katika njia zile zile watumwa walitembezwa kwa minyororo. Lakini mpagazi wa kuajiriwa aliijua safari yake. Ujira wake ulipatanwa kabla ya kutoka, na posho yake vilevile. Alikuwako kirangozi, mtu ajulikanaye kwa jina, aliyetangulia mbele, na watu walisimama aliposimama. Na mzigo ulipimwa: kwa desturi ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila ni ratli 35. Mpagazi aliyezidishiwa aliteta mbele ya watu wote, na akionewa sana aliutua mzigo akaenda zake. Wazee wale, wengi wao wasiojua kusoma, waliikataa frasila ya tatu mgongoni mwao. Na sisi tuliosoma, tulio na kalamu na simu mifukoni, twaipokea frasila ya tatu, wala si mgongoni mwetu, bali twaiweka magotini mwa watoto.

Basi, yatupasa kufanya nini? Hatutaki kuteta tu kama kuku aliyenyimwa mtama. Twasema yale tuyafanyayo sisi wenyewe tangu siku ile ya Mapinga.

Kwanza, kamati ikatafute mwenye basi mwenyewe, si dalali peke yake, nayo ikalione basi mchana, juma moja kabla ya safari. Wahesabu viti, na orodha ya wasafiri isizidi hesabu hiyo hata kwa mtoto mmoja wa kupakatwa. Wavute mikanda waone kama yafunga. Watazame matairi yote, pamoja na lile la akiba.

Pili, maneno yote yaandikwe: jina la mwenye basi, namba ya gari, hesabu ya viti, saa ya kuondoka na ya kurudi, bei yote, arabuni iliyotolewa, na nini kitafanyika basi jingine likiletwa badala ya hilo. Arabuni isitolewe bila stakabadhi, na fedha nyingi zibaki mkononi mwa kamati mpaka basi lifike. Mtu aliyekwisha kulipwa zote hana sababu ya kuwaogopa.

Tatu, waulize leseni ya dereva, nayo iwe ya daraja C, ile ya magari ya abiria. Waulize kibali cha LATRA. Na bima ya gari waihakiki kwa simu katika orodha ya Mamlaka ya Bima. Mwenye basi mwema hatachukizwa na maswali haya. Anayechukizwa amekwisha kuwajibu.

Nne, dereva atunzwe kama mgeni. Hapa tumekosa sana. Sisi hukesha katika nyumba iliyo na taa na ngoma, tukapewa wali na nyama, na yeye tumemwacha alale juu ya usukani, mbu wakimla, ili asubuhi aturudishe. Apewe chakula, apewe kitanda, alale usiku wote. Safari ikizidi saa nane njiani, wawepo madereva wawili.

Tano, achaguliwe kirangozi mmoja, mwanamume au mwanamke, mwenye moyo wa kusema. Yeye aketi mbele. Akiona mwendo wapita kilometa 80 kwa saa, ambao ndio mpaka wa mabasi katika barabara kuu, na 50 katika miji penye alama, aseme. Akiona maji yamepita juu ya daraja, aseme, “Simama,” na watu wote washuke, hata kama bibi arusi angoja ng’ambo. Wasafiri nao wasimpigie kelele za kumharakisha dereva, kwa kuwa haraka haraka haina baraka.

Sita, na hili ndilo gumu: basi likija si lile lililoandikwa, au dereva hakulala, safari isiwepo. Watoto watalia. Wazee watanung’unika. Arabuni pengine itapotea. Mwaka jana sisi tulilirudisha basi moja kutoka mlangoni pa kanisa, na watu walituita waoga. Mzee mmoja hakutusalimu kwa majuma mawili. Lakini jioni ile kila mtoto alikula chakula kwao, kwa mikono miwili mizima.

Nanyi wazazi, msikae kimya mkingojea kamati. Siku ya kutoa mchango, kabla ya kufungua kibindo, ulizeni: Basi ni la nani? Lina viti vingapi? Dereva alilala wapi? Msione haya kuuliza, wala msiogope kuitwa wakorofi. Na ninyi wa kamati, msikasirike mkiulizwa. Ni afadhali kuulizwa maswali hayo mbele ya kanisa asubuhi, kabla ya kuondoka, kuliko kuulizwa usiku na mama aliyemshika mtoto wake, swali moja tu, nanyi hamna jibu.

Sisi waalimu wenu, Chamazi.